Nani Mtunzi? Orodha ya Maktaba na Haki ya Washairi wa Kale

Wapo wahakiki wanaoshikilia kuwa orodha ya maktaba ni shughuli ya wakutubi, wala haiwahusu wao. Dai hili halina mashiko. Mtafiti anapochagua kutafuta katika uga wa mwandishi, wa anwani au wa mada, huwa anauliza maswali ya kihakiki: nani aliyetunga, kazi inaitwaje, na inahusu nini? Majibu yamekwisha kuamuliwa na aliyeijaza rekodi.

Chukua mfano wa Muyaka bin Haji. Diwani yake iliyohaririwa na William Hichens ilitoka mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alichapisha jijini Nairobi uchunguzi wake kuhusu Muyaka, pamoja na mashairi yenyewe. Katika rekodi ya mfumo wa MARC, uga wa 100 wa kitabu hiki cha pili huwa na jina la Abdulaziz, na ni haki yake. Lakini Muyaka asipotiwa katika uga wa 700 kama mtunzi, anayemtafuta miongoni mwa waandishi hatakiona kitabu. Malenga wa Mombasa amegeuzwa neno tu ndani ya anwani.

Mwana Kupona naye amefichwa kwa njia nyingine. Utendi wake wa 1858 ulitolewa na Alice Werner na Hichens mwaka 1934 kwa anwani ya Kiingereza. Iwapo uga wa 240, unaohifadhi anwani sanifu, umeachwa wazi, anayeutafuta utendi huo kwa jina lake la Kiswahili ataambulia patupu.

Yamkini watetezi wa njia ya mkato watasema: tafuta neno katika nyuga zote. Njia hiyo yafaa kwa kuanzia, lakini haitenganishi maneno ya Muyaka na maneno kuhusu Muyaka. Aidha, anayeandika "utenzi" hana hakika ya kuletewa "utendi". Tofauti ya lahaja inakuwa ukuta.

Matokeo yake yanaonekana katika tasnifu. Mwanafunzi anayetangaza kuwa "hakuna utafiti uliofanywa" kwa kutegemea uga mmoja uliorudi mtupu anabuni pengo lisilokuwepo, na msimamizi anayeliidhinisha ana lawama zaidi.

Ujuzi wa majina, nisba na anwani za tenzi umo katika idara za Kiswahili. Basi idara hizo ziandae majina na anwani sanifu, ziwakabidhi wakutubi. Kuikwepa kazi hiyo, kisha kulalamika kuwa ushairi wa Kiswahili hauonekani, ni kuukana wajibu.