Mamba walindwe kuanzia kwenye kiota

KILA mamba anapomkamata mtu katika Ziwa Victoria, kilio hufika hadi Kampala: mamba auawe au ahamishwe. Kilio hicho tunakielewa. Mwaka 2005 katika kijiji cha Luganga alinaswa mamba aliyepewa jina la Osama, ambaye wanakijiji walidai amekwisha kula watu zaidi ya 80. Hakuuawa, bali alipelekwa kwenye shamba la mamba huko Buwama.

Mwandishi wa tahariri hii, aliyesoma Kenya ukimbizini na sasa ni mwalimu hapa Kampala, huwasikia wanafunzi wakisema mamba ni wa kumalizwa tu. Hawalaumiki, wengine wana jamaa wanaoishi ziwani.

Ni kweli kwamba kwa hesabu ya dunia nzima mamba wa Nile hayumo hatarini. Hapa Uganda, hata hivyo, tumekwisha kuona jinsi anavyoweza kupungua haraka. Katika miaka ya 1950 wawindaji wa ngozi walimwandama kwenye maziwa na mito yetu, na mwanasayansi Mwingereza Hugh Cott, aliyemchunguza hapa nchini, alionya juu ya hali hiyo katika ripoti yake ya 1961.

Mwaka 1969 Cott huyo huyo aliandika jambo ambalo wengi hawalitarajii: watalii nao wanaweza kumdhuru mamba. Chini ya maporomoko ya Murchison, ambayo enzi za Amin yaliitwa Kabalega, jike huchimba mchanga, hutaga mayai 50 hivi na kuyalinda kwa karibu miezi mitatu. Boti ikimsogelea hukimbilia majini. Hapo kenge na nyani, ambao njaa yao haina likizo, hufukua kiota na kula mayai. Vitoto vinavyoanguliwa navyo huliwa na ndege na samaki, na anayepona huchukua miaka zaidi ya 10 kabla ya kuzaa. Kwa hiyo mtalii anaweza kuona mamba wakubwa wakiota jua na kudhani mambo ni shwari, kumbe hawana warithi.

Wala tusidanganyike kwamba mayai yanaweza kuhamishwa ovyo. Joto la mchanga ndilo linaloamua kitoto kiwe dume au jike, na kiota kikifurika maji mayai hufa.

Tunaitaka Mamlaka ya Wanyamapori (UWA) iweke alama kwenye kingo zenye viota, na iwazuie manahodha kuzikaribia katika miezi ya kutaga. Watalii hawatasusa kwa kuangalia kwa darubini.

Lakini hatuwezi kumwomba mvuvi amhurumie mamba ilhali mkewe anachota maji pale pale mamba anapovizia. Kuhamisha mamba mmoja hakuondoi hatari hiyo. Wizara ya Maji na Mazingira ichimbe visima kwenye mialo, na pasipowezekana, sehemu ya kuchotea izungushiwe uzio wa chuma. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na maisha ya watu.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Wanyamapori ya 2019 iliweka mpango wa kulipa fidia kwa wanaouawa au kujeruhiwa na wanyamapori. Wizara ya Utalii ieleze hadharani ni familia ngapi za mialoni zimekwisha kulipwa, na zinazosubiri zitalipwa lini.