Utunzi hujengwa kwa mazoezi, si kwa kukariri misemo

Wapo wanaoamini kwamba utunzi wa hadithi ni kipawa atoacho Mola, na kwamba asiyejaliwa hata akifunzwa usiku na mchana hataambulia kitu. Wapo pia wanaoshikilia kinyume chake: kwamba mtu akinunua kitabu cha mwongozo, akakariri misemo na methali za kutosha, tayari amekuwa mtunzi. Makundi haya mawili hayaafikiani kwa lolote. Kwa maoni yangu, yote mawili yamepotoka, na wanaoumia ni vijana wetu.

Hebu tutazame hali ilivyo shuleni. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE humtaka mtahiniwa aandike insha mbili, kila moja ikiwa na alama 20. Ya kwanza ni ya lazima. Ya pili huichagua mwenyewe, na aghalabu miongoni mwa maswali hayo hukosi methali ya kutungiwa kisa, au maneno ya kuanzia au kumalizia hadithi. Hicho ndicho kidokezo: mtunzi hupewa mlango mmoja, kisha akaambiwa ajenge nyumba.

Sioni ila yoyote katika kidokezo. Kutunga kwa kuchokozwa ni ada kongwe ya Waswahili. Wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa beti. Ubeti wa mmoja ulikuwa swali kwa mwenzake, na aliyejibu alilazimika kuishika hoja aliyotupiwa, si kuimba alilolitaka mwenyewe. Hayo yalikuwa mazoezi makali kuliko mtihani wowote, kwa kuwa waliohukumu ni watu wa miji miwili mizima.

Wala sioni ila katika kitabu cha mwongozo. Mwaka wa 1954 lugha yetu ilipata vitabu viwili vya aina hiyo kwa mpigo: Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert, na Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha Kaluta Amri Abedi. Msomaji na akitazame vyema kichwa cha kitabu hicho cha pili. Mwandishi hakutosheka kutoa sheria za vina na mizani kisha akajiendea zake. Aliziweka sheria na diwani yake mwenyewe ndani ya jalada moja. Ni kana kwamba anamwambia mwanafunzi: hii ndiyo kanuni, na hii ndiyo kazi yangu, nipime kwayo. Miaka 20 baadaye, mwaka wa 1974, Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, akaziacha kanuni za vina na mizani kwa makusudi, na ukazuka mjadala mkali. Ila hakuna asiyejua kwamba aliyeziacha kanuni hizo alikuwa anazifahamu.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika kuugeuza mwongozo kuwa ghala la misemo. Vingi mno katika vitabu vinavyozagaa madukani vimejaa orodha: misemo ya kuelezea alfajiri, misemo ya woga, misemo ya urembo, misemo ya ajali. Mwanafunzi hukariri, na siku ya mtihani huitapika yote. Nimeshika kalamu nyekundu kwa miaka mingi, na ninaweza kushuhudia kwamba katika rundo la insha 50, watoto 40 huamka alfajiri ya Mungu, jogoo wakiwika na jua la matlai likichungulia. Kila msichana ana shingo ya upanga. Kila mwenye hofu hutetemeka kama unyasi nyikani. Kila mwenye shida hupiga moyo konde.

Mtoto anayeishi ghorofa ya tano mtaani Eastleigh, anayeamshwa na honi za matatu na kelele za utingo, huandika kwamba aliamshwa na jogoo. Hakumwona jogoo huyo, wala hakumsikia. Kwa nini basi humwandika? Kwa sababu amefunzwa, bila mtu kumwambia waziwazi, kwamba honi za matatu hazifai kuandikwa kwa Kiswahili sanifu. Polepole huamini kwamba Kiswahili ni lugha ya maisha ya mtu mwingine, na kwamba maisha yake mwenyewe hayana hadhi ya kusimuliwa. Hilo ndilo linalonisikitisha. Alama zinaweza kutafutwa mwaka ujao. Mtoto aliyekata tamaa na maisha yake kama chimbuko la hadithi ni vigumu kumrudisha.

Sisemi kwamba methali na tamathali zitupwe. La hasha! Hizo ni hazina. Wala simlaumu mwalimu. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60, anayepimwa kwa wastani wa alama, atafanya lile linaloleta alama upesi. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulimpa mtoto dakika 40 za kuandika insha ya alama 40. Ni nani angemshauri mtoto huyo aketi atafakari? Lakini mtihani huo umekwisha, na mtaala wa umilisi unachukua nafasi ya ule wa 8-4-4. Ikiwa umilisi ni neno lenye maana, basi huu ndio wakati wa kuyarudisha mazoezi mahali pa kukariri.

Mazoezi gani? Nitataja manne, nayo hayahitaji gharama ila kalamu na daftari.

La kwanza ni kulisimulia tukio moja kwa vinywa tofauti. Mfaransa Raymond Queneau alichapisha mwaka wa 1947 kitabu ambamo kisa kimoja kidogo, cha mtu aliyeonekana ndani ya basi, kinasimuliwa kwa namna 99. Sisi hatuhitaji 99, mbili zatosha. Matatu imeharibika njiani jioni, mvua ikinyesha. Kwanza asimulie utingo anayedaiwa nauli na abiria. Kisha asimulie mama aliyemwacha mtoto mchanga kwa jirani. Mwanafunzi atagundua mwenyewe, bila kuhubiriwa, kwamba mvua ya utingo si mvua ya mama huyo.

La pili ni kueleza hisia bila kuitaja. Mwambie mwanafunzi aandike nusu ukurasa juu ya baba aliyefutwa kazi, lakini asitumie neno huzuni, majonzi, machozi wala simanzi. Itambidi atazame mikono ya baba huyo, kikombe cha chai kilichopoa mezani, viatu vilivyopigwa rangi asubuhi ilhali hakuna pa kwenda. Hapo ndipo jicho la mtunzi linapofunguka.

La tatu ni mazungumzo ambamo hakuna anayesema lililo moyoni mwake. Chukua mama muuza samaki na mteja wake:

"Mama, samaki huyu si wa jana?"

"Wa jana yuko wapi, mwanangu? Huyu ameingia alfajiri."

"Basi nipunguzie kidogo. Nina wageni."

"Wageni ni baraka. Lipa ukawapikie."

Muuzaji hasemi kwamba tangu asubuhi hajauza hata mmoja. Mteja hasemi kwamba fedha alizo nazo hazitoshi. Msomaji huyajua yote mawili, na ujuzi huo ndio utamu wa hadithi. Hakuna orodha ya misemo iwezayo kumpa mtu stadi hiyo. Hupatikana kwa kutega sikio sokoni, kuandika, kufuta na kuandika tena.

La nne lahusu methali, kwa kuwa sitaki nidhaniwe adui yake. Desturi ya shuleni ni kuithibitisha: aliyeonywa akakaidi huumia, na kisa kimekwisha kabla hakijaanza, kwani msomaji ameujua mwisho tangu kichwani. Lakini wahenga walikuwa wajanja kuliko tunavyodhani. Walisema haraka haraka haina baraka, wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Ziweke methali hizo mbili katika nyumba moja. Usiku wa manane mtoto ana homa kali, mto umefurika. Nyanya yake asema tungoje kuche. Jirani mwenye bodaboda asema twende sasa hivi. Kila mmoja ana methali yake, na kila mmoja anampenda mtoto huyo. Mama afanye nini? Hapo methali imeacha kuwa pambo, imekuwa mgogoro. Na pasipo mgogoro hapana hadithi.

Baada ya mazoezi hayo yote, ibaki kazi ya kuhariri, ambayo shuleni imesahaulika kabisa. Mwanafunzi achukue alichokiandika wiki iliyopita, apige mstari chini ya kila msemo ambao amewahi kuusikia mara tatu kwa watu wengine, kisha aufute. Kitakachobaki, hata kikiwa sentensi tano, ndicho chake. Aanzie hapo.

Nasikia mtu akiuliza: je, mazoezi hayo yatamfanya kila mtoto kuwa Shaaban Robert? Hayatamfanya. Wala kujifunza useremala hakumfanyi kila mtu kuwa fundi wa kuchonga milango ya Lamu. Lakini hakuna fundi hata mmoja wa milango hiyo aliyezaliwa ameshika patasi. Alipewa kipande cha ubao, akakiharibu, akapewa kingine. Kipawa kikiwapo, mazoezi hukipa njia. Kisipokuwapo, mtu hubaki na jicho la kutazama na sikio la kusikia, na hayo hayamdhuru wakili, muuguzi wala mfanyabiashara.

Kwa hiyo nawaomba walimu watenge walau kipindi kimoja kwa wiki cha nusu ukurasa usiotiwa alama, usomwe kwa sauti darasani na wenzake wautoe maoni. Hadithi fupi zinazotahiniwa zisisomwe kwa ajili ya maswali ya dondoo tu. Mwanafunzi aulizwe pia kwa nini mwandishi alianzia pale alipoanzia, na kisa kingekuwaje lau angeanzia kwingine. Nawaomba watahini wampe haki mtoto aliyeandika honi za matatu kwa Kiswahili safi, wasimkate alama kwa kukosa jogoo. Na wachapishaji wa miongozo waige mfano wa mwaka wa 1954: kila atoaye kanuni na aweke kazi yake kando yake, tuione.

Mkono mtupu haulambwi, na daftari tupu halimfunzi mtu utunzi. Lakini daftari lililojaa maneno ya watu wengine nalo ni tupu vilevile.