Figo mpya Dodoma, virusi Katesh: Damu isafiri, siyo mgonjwa

Kupandikizwa figo siyo lazima tena kwenda India. Muhimbili ilianza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018. Kwa mgonjwa wa Hanang au Mbulu, upasuaji umesogea. Shida inaanza akisharudi nyumbani.

Dawa anazomeza kila siku ili mwili usiikatae figo hushusha pia kinga yake. Virusi vilivyokuwa vimelala vinapata upenyo.

Viwili vya kuogopwa

Cha kwanza ni sitomegalovirasi (CMV). Watu wengi hukipata utotoni bila kujua. Baada ya kupandikizwa, hasa miezi ya mwanzo, kinaweza kuleta homa, kuhara, hata nimonia.

Cha pili, BK, ni cha kimyakimya. Kinaiharibu figo mpya bila homa wala maumivu, hivyo kipimo cha damu ndicho kinachokiona mapema. Miongozo ya kimataifa inataka mgonjwa apimwe kila mwezi mwanzoni, kisha kila miezi mitatu. Kikionekana mapema, daktari hupunguza dawa za kushusha kinga ili mwili upambane nacho. Wakichelewa, figo inaweza kupotea.

Na figo hiyo kwa kawaida imetoka kwa ndugu aliye hai. Ikipotea, familia imepoteza mara mbili.

Piga hesabu

Katesh hadi Dodoma ni kama kilomita 300. Nauli, malazi, msindikizaji, siku za shamba zilizopotea. Kila mwezi.

Lakini njia ipo. Sampuli za kupima wingi wa virusi vya Ukimwi tayari husafirishwa kutoka vituo vidogo hadi maabara kubwa, majibu yakarudi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ilishiriki utafiti wa kimataifa wa MAL-ED uliochunguza vimelea kwa watoto. Kuchukua na kutunza sampuli siyo jambo geni huko. Kinachotakiwa ni hospitali zinazopandikiza kukubaliana na hizi za wilayani: damu itolewe huku, ipimwe kule.

Kwa sasa, zahanati zikumbuke hili: mgonjwa wa figo mpya akija na homa, kukosa malaria kwenye kipimo siyo mwisho. Simu ipigwe kwa daktari wake siku hiyohiyo.