Mahame Yetu Si ya Pepo, Yana Wenyewe

Ndugu wanachama, na ninyi mnaotusoma bila kadi,

Yako maneno mawili yanayotembea katika nchi yetu, na hapa Kintinku nayo yamefika. La kwanza ni kwamba popote alipokaa Mjerumani ameacha sanduku la dhahabu chini ya ardhi, na juu ya sanduku ameweka jini au joka, ambalo haliondoki ila kwa damu ya mbuzi mweusi na kwa mganga aliyelipwa kwanza. La pili ni kwamba kila hame lina pepo: usipite jioni, usikate kuni, usiokote hata kigae. Watu huyasema haya kama kwamba ni mambo mbalimbali. Mimi nasema ni ndugu wa tumbo moja, maana yote mawili yanatusahaulisha swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeuliza kwanza: hapa alikaa nani, na kwa nini alikwenda zake?

Tuanze na dhahabu, kwa sababu ndiyo inayowatia watu wazimu. Dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo, hatukatai. Tena ilitoka humu humu mkoani kwetu, Sekenke katika Iramba, ambako Mwafrika alichimba na Mzungu akahesabu. Vita ilipomfungia bahari asipate fedha kutoka Ulaya, Mjerumani alipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli huko Tabora. Hiyo ilikuwa mwaka 1916. Zilitoka sarafu kama 16,000 tu, nazo zilipigwa ili zilipe watu na kununua vitu. Mwishoni mwa Julai mwaka ule ule jeshi la Waingereza lilikwisha ingia Dodoma na kushika reli. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji waliingia Tabora.

Basi wewe ndugu unayepanda Kilimatinde usiku na koleo na tochi, hebu fikiri kidogo. Dhahabu iko Tabora. Adui anakuja kutoka mashariki. Ni mwendawazimu gani angebeba masanduku kuyarudisha mashariki, mdomoni mwa adui, ayafukie chini ya ofisi yake ya zamani? Mganga wako anajua vizuri sana dhahabu iko wapi: iko mfukoni mwako, naye anaichimba kila juma. Na hasara si ya mbuzi peke yake. Msingi ukichimbwa ukuta huanguka, na kaburi likifunuliwa kwa tamaa halifungiki tena.

Sasa tuseme habari za Kilimatinde yenyewe. Ukisimama stesheni ya Kintinku ukatazama machweo, utaona ukuta wa Bonde la Ufa umesimama kutoka kaskazini hata kusini. Juu yake ndiko Kilimatinde. Kabla ya reli, njia ya misafara ilipita pande hizi. Pembe za ndovu na watumwa walishuka kwenda pwani, nguo na bunduki zilipanda kwenda Unyanyembe na Ujiji. Watemi wa Wagogo walitoza hongo kwa maji na kwa ruhusa ya kupita. Stanley alipita Mukondoku mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Alilipa nguo zake na kunung'unika njia nzima. Vitabu vya Wazungu viliita hongo ile unyang'anyi. Je, ushuru wa bandari ya London nao huitwa unyang'anyi? Mtu amekuja kwako, anakunywa kisima chako wakati wa kiangazi, na punda wake wanakula shamba lako: kwa nini asilipe?

Mwaka 1890 alipita Carl Peters, yule Mkono wa Damu, akirudi kutoka Uganda. Wagogo walipodai haki yao ya kawaida aliwajibu kwa risasi, akachoma vijiji, akachukua ng'ombe, kisha akaandika kitabu kujisifu. Mahame mengine ya Ugogo yalizaliwa siku zile.

Katika miaka ile ile ya 1890 Wajerumani waliweka kituo cha jeshi Kilimatinde, na kituo kikaleta askari, wapagazi na wachuuzi, ukawa mji wenye jina. Halafu ikaja reli. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Tabora 1912. Ilipanda genge kwa njia ya Saranda, ikaiacha Kilimatinde kando. Mpagazi aliyekuwa akilala pale akiwa na mzigo kichwani hakuhitajika tena. Mwingereza naye alipotawala aliweka makao ya wilaya Manyoni, penye stesheni. Kilimatinde haikufa, maana iko hospitali ya Kanisa Anglikana na wagonjwa wa bondeni huipandia mpaka leo. Lakini mji ule wa misafara uliuawa na ratiba ya treni. Hakuna pepo aliyetia mkono.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni kubwa kuliko boma. Ni Mtunya.

Wazee wa Ugogo wana majina ya njaa kama vile sisi wa shule tulivyo na majina ya vita. Mtunya ndilo jina la njaa iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza. Neno lenyewe lasema habari ya kunyang'anyana na kugombania. Vita ilipofika, Mjerumani alichukua nafaka na ng'ombe kulisha askari wake. Alipofukuzwa, Mwingereza akachukua kilichobaki kulisha wa kwake. Wanaume walikamatwa kuwa wapagazi, wakaenda na mizigo ya wageni, na wengi hawakurudi. Shamba likabaki bila mikono. Kisha mvua ikakataa, na homa ile ya dunia nzima ya mwaka 1918 ikaja juu ya watu ambao tayari walikuwa mifupa. Waliofanya uchunguzi wa mambo haya wanakadiria kwamba katika Ugogo iliyokuwa na watu 150,000 walikufa si chini ya 30,000. Yaani katika kila watu watano alikufa mmoja. Waliobaki walitawanyika kutafuta chakula, wengine wakaweka watoto wao rehani kwa wenye nafaka.

Fikirini maana yake kwa nyumba. Tembe ikikosa mtu wa kupaka udongo juu ya dari, mvua ya mwaka wa pili huiangusha, na baada ya miaka michache hubaki tuta dogo, jiwe la kusagia, mnyaa uliokuwa uzio wa zizi, na mbuyu. Hilo ndilo hame, ambalo Wagogo huliita itongo. Basi mtu akiniambia kwamba katika itongo fulani husikia watoto wakilia usiku, simcheki. Namwambia: babu, watoto walilia hapo kweli. Walilia mwaka 1919. Unalolihitaji hapo ni daftari, ili tuandike walikuwa watoto wa nani. Watu 30,000 wamekufa kwa vita ya Wazungu wawili wasiogombania jambo lolote la Mgogo, na sisi wajukuu tumewafanya vibwengo vya kutishia watoto wasichelewe kurudi na mbuzi!

Na hapa sharti nitenganishe mambo, nisije nikaambiwa na wazee kwamba kijana wa chuo ametukana mizimu. Mzee anayekwenda penye kaburi la babu yake katika zizi la zamani, akamwaga pombe na kutaja majina, huyo namheshimu. Yeye anajua majina. Tambiko lake ni hesabu ya ukoo, kizazi baada ya kizazi. Ninayempinga ni yule asiyejua jina hata moja, ambaye kwake maiti wote ni "mapepo ya pale", na kesho anarudi na koleo.

Ugonjwa huu si wa Manyoni tu. Chini ya genge la Bonde la Ufa upande wa Arusha kuna Engaruka, ambako wakulima walijenga vijiji vya mawe na kupeleka maji ya mito ya mlimani katika mifereji mpaka mashambani, eneo la hekta kama 2,000, kisha wakaondoka karne ya 18. Wageni walipoiona, swali lao lilikuwa: ni taifa gani lililopotea lililofanya haya? Gedi, karibu na Malindi katika Kenya, mji wa Waswahili wenye misikiti, visima na vyoo vya mawe, uliachwa katika karne ya 17. Msitu ukaufunika, hadithi za pepo zikaufunika mara ya pili, na wataalamu wa zamani wakaukabidhi kwa Waarabu na Waajemi. Sasa uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu Julai 2024 kama mji wa watu wa pwani ile ile. Tazameni mchezo ulivyo: jengo likiwa zuri ni la mgeni, na likiwa tupu ni la jini. Mwenyeji hapati kitu.

Kongwa kwa upande wake haina haja ya jini. Kule Serikali ya Uingereza ilileta matrekta mwaka 1947 kulima karanga katika udongo unaokauka kama saruji, ikatengeneza na tawi la reli kutoka Msagali, na mwaka 1951 ikaacha yote, hasara pauni milioni 36. Mambo yaliandikwa, na hesabu ilitolewa katika Bunge lao wenyewe. Miaka ya 1960 majengo na ardhi ile ikawapokea wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO. Kwa kuwa sababu na tarehe zinajulikana, mtu wa Kongwa akionyesha msingi uliobomoka anaweza kukupa habari yake tangu mwanzo hata mwisho.

Wapo watakaosema: ndugu, mbona unataja mahame ya mkoloni tu? Sitakwepa. Mengine ni yetu. Operesheni Dodoma ilikuwa mwaka 1971, na Novemba 1973 Mwalimu alitamka kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Maelfu kwa maelfu walitoka katika matongo ya baba zao wakapangwa kwenye mistari. Shule, zahanati na bomba vilifuata mahali pengi, na mimi ni mtoto wa shule hizo. Lakini kwingine watu walihamishwa kwa lazima, na nyumba zikabomolewa wenyewe wakitazama. Hayo nayo ni historia ya Chama, na Chama kisichoandika habari zake kitaandikiwa na wengine. Waliohamishwa wakiwa vijana wa miaka 20 sasa wana miaka 70. Tunangoja nini?

Chuoni tulikofundishwa ualimu tulikariri Mkutano wa Berlin, tarehe na mabwana waliokaa mezani. Hakuna aliyetutuma kumwuliza bibi mmoja juu ya Mtunya. Mwalimu wa namna hii akifika Kintinku atawafundisha watoto kwamba historia ilitokea mahali pengine, na kwao kulikuwa na mizuka.

Sheria nayo tuijue. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni. Lakini majengo inayoyalinda yenyewe moja kwa moja ni yale ya kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo hungoja tangazo la Waziri. Boma la Mjerumani ni la baada ya hapo, na itongo la Mtunya pia. Kwa hiyo madiwani wetu wasikae kimya wakidhani mkubwa fulani Dodoma analinda. Ombi lipelekwe, na liende na orodha.

Haraka yatakiwa kwa sababu nyingine. Reli mpya ya kisasa, iliyozinduliwa kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, inapita kwetu kuelekea Makutupora na Tabora. Tunaifurahia. Lakini reli ya kwanza ilihamisha miji, na hii nayo itahamisha. Na tingatinga halijui kwamba tuta lile lilikuwa tembe ya mtu.

Kila balozi wa nyumba kumi aandike matongo yaliyo katika eneo lake, kwa majina yake ya Kigogo. Aandike nani alikaa, aliondoka kwa njaa gani, vita gani au operesheni gani, na wajukuu wako wapi leo. Makaburi yahesabiwe, yasiguswe. Anayeonekana na koleo apelekwe kwa mtendaji, na mganga wake afuatane naye. Asiyejua kuandika aje na mwanawe wa shule. Daftari liko ofisi ya tawi, Kintinku, kila Jumamosi asubuhi, na litafungwa kabla ya mvua za Novemba, watu wasije wakaenda kulima.