Je, Divock Origi bado ana muda wa kuilipa ahadi ya 2014?

KILA dirisha la usajili linapofunguliwa barani Ulaya, jina la Divock Origi hurejea vinywani mwa mashabiki wa soka wa Homa Bay na Migori kama jina la mwana aliyesafiri na kuchelewa kurudi. Mjadala haujabadilika kwa zaidi ya mwongo mmoja. Wengine hushikilia kwamba mshambuliaji huyo amekwisha kufanya makubwa kuliko mwanasoka yeyote mwenye damu ya Kenya, na hadaiwi na mtu. Wengine hutikisa vichwa na kusema kwamba kijana aliyeichangamsha dunia akiwa na umri wa miaka 19 alistahili kufika mbali zaidi.

Pande zote mbili zina hoja. Hata hivyo, mtu aliyezaliwa Aprili 18, 1995 alitimiza miaka 30 mwezi wa Aprili, 2025, na mshambuliaji anayetegemea kasi hana miaka mingi ya kusubiriwa baada ya hapo. Ndiyo sababu swali hilo la zamani sasa lina uzito ambao halikuwa nao hapo awali.

Kwa wasomaji ambao si wafuatiliaji wa kabumbu, inafaa kueleza kwanza kwa nini mzaliwa wa mji wa Ostend, Ubelgiji, ahesabiwe kuwa wa huku. Ukoo wa Origi una asili yake katika Kaunti ya Homa Bay. Babake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars kwa miaka mingi kabla na baada ya kuhamia Ubelgiji, ambako alikuwa katika kikosi cha Genk kilichotwaa ubingwa wa ligi mwaka wa 1999. Ami yake, Austin Oduor, ndiye aliyekuwa nahodha wa Gor Mahia mwaka wa 1987 klabu hiyo iliponyakua Kombe la Washindi Barani Afrika kwa kuibandua Esperance ya Tunisia kwa kanuni ya bao la ugenini. Binamuye, Arnold Origi, alikuwa kipa wa timu ya taifa. Katika nyumba kama hiyo, mtoto hafundishwi mpira. Huukuta umekwisha kutandikwa kama mkeka sebuleni.

Divock aliingia katika chuo cha soka cha Genk akiwa na umri wa miaka sita, na alipofika 15 alichukuliwa na Lille ya Ufaransa. Mnamo Februari 2013 alifunga bao katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dakika chache tu baada ya kuingia uwanjani. Mwaka uliofuata, jeraha la Christian Benteke lilimfungulia mlango wa Kombe la Dunia nchini Brazil. Juni 22, 2014, katika uwanja wa Maracana, aliingia badala ya Romelu Lukaku na kuifunga Urusi zikiwa zimesalia dakika mbili. Hakuna Mbelgiji mwenye umri mdogo kuliko wake aliyekuwa amewahi kufunga katika fainali hizo. Mwezi uliofuata Liverpool ikalipa pauni milioni 10 na kumrudisha Lille kwa mkopo wa msimu mmoja.

Hapo ndipo ahadi ilipoandikwa. Inafaa pia tukiri kwamba sisi wa meza za habari tulikuwa miongoni mwa walioiandika. Kijana mwenye bao moja katika Kombe la Dunia alivishwa koti la mrithi wa magwiji, na kila alipokosa kulijaza tulimlaumu yeye, si fundi aliyelishona. Msimu wa 2014/15 ulitosha kuonya. Alifunga mabao manane ya ligi huko Lille, idadi isiyo ya aibu kwa chipukizi, lakini gazeti la L'Equipe lilimweka katika kikosi chake cha wachezaji wabovu zaidi wa msimu.

Nikiulizwa ni lini Origi alikuwa karibu zaidi kuwa mshambuliaji kamili, sitataja Madrid wala Barcelona. Nitataja wiki mbili za Aprili 2016. Kati ya Aprili 7 na Aprili 20 mwaka huo, chini ya Jurgen Klopp, alifunga dhidi ya Borussia Dortmund ugenini, akafunga mawili dhidi ya Stoke, akaifunga Dortmund tena Anfield usiku ule wa 4-3, kisha akafungua ukurasa wa mabao dhidi ya Everton. Mabao matano. Alikuwa akianza mechi, akiwapokonya mabeki utulivu, akikimbia nyuma yao kutoka upande wa kushoto. Ndipo katika mechi hiyo hiyo ya Everton, beki Ramiro Funes Mori alipomkanyaga kifundo cha mguu, naye akatolewa akiwa amebebwa juu ya machela.

Jeraha lenyewe lilipona. Ambacho hakikumsubiri apone ni klabu. Sadio Mane alisajiliwa katika majira hayo ya joto, Mohamed Salah akaja mwaka uliofuata, na pamoja na Roberto Firmino wakaunda safu ya mbele ambayo hakuna kocha mwenye akili timamu angeivunja. Origi alipelekwa Wolfsburg kwa mkopo msimu wa 2017/18, akafunga mabao sita katika ligi ya Ujerumani na kurudi Liverpool pasipo nafasi.

Yaliyofuata yanajulikana hata na wasiojua soka. Desemba 2, 2018 aliifunga Everton katika dakika ya 96. Mei 4, 2019 alifunga bao la ushindi dhidi ya Newcastle. Siku tatu baadaye aliifunga Barcelona mara mbili katika ushindi wa 4-0, bao la pili likitokana na kona ambayo Trent Alexander-Arnold aliipiga kabla mabeki hawajageuka. Kisha Juni 1, 2019, jijini Madrid, alifunga bao la pili la fainali ya Klabu Bingwa dhidi ya Tottenham, klabu aliyokuwa akiichezea Mkenya mwenzake kwa asili, Victor Wanyama. Huku kwetu ilikuwa inakaribia saa sita usiku wa Siku ya Madaraka. Miaka sita baadaye, Juni 1, 2025, sherehe za kitaifa za siku hiyo ziliandaliwa katika mji wa Homa Bay kwenyewe, uwanjani Raila Odinga.

Aliondoka Liverpool mwaka wa 2022 akiwa na mabao 41 katika mechi 175, sita kati ya hayo dhidi ya Everton pekee. Klopp alimwita gwiji wa klabu hiyo, na sidhani alikuwa akimpamba. Lakini takwimu hizo zikisomwa kwa makini zinasema jambo jingine. Nyingi kati ya mechi hizo alizianza kwenye benchi. Alikuwa dawa ya dharura, inayowekwa kabatini hadi mgonjwa azidiwe. Dawa ya namna hiyo ina thamani kubwa, ila haimfundishi mtu kuwa chakula cha kila siku.

Hilo ndilo lililodhihirika AC Milan. Alijiunga nao Julai 2022 bila ada, kwa mkataba wa miaka minne, akitarajiwa kuwa mshambuliaji wa kutegemewa. Katika mechi 36 alifunga mabao mawili. Akapelekwa Nottingham Forest kwa mkopo msimu wa 2023/24, na katika Ligi Kuu ya Uingereza hakupata bao hata moja. Aliporejea Italia aliwekwa kando na kuelekezwa kwenye kikosi cha akiba. Msimu wa 2024/25 ulipita bila yeye kuichezea timu ya wakubwa ya Milan hata mechi moja.

Wapo wanaosema mshahara mnono ndio uliomlaza. Hoja hiyo ni rahisi kuliko ukweli. Mchezaji aliye na mkataba halali hana wajibu wa kuurarua ili kuwafurahisha wachambuzi. Klabu iliyompa miaka minne ilijua inanunua nini, maana ilikuwa na takwimu zote mezani. Tatizo la kweli ni la kiufundi. Origi si namba tisa wa kusimama kati ya mabeki wawili na kuupokea mpira huku akiwapa mgongo, wala si winga wa kuwapiga chenga mabeki wa pembeni dakika 90. Ubora wake ni kukimbilia nafasi iliyo wazi na kupiga shuti bila kugusa mara mbili. Nafasi ya namna hiyo hupatikana wakati wapinzani wamechoka au wamepanda mbele, yaani katika hali ile ile ambayo Liverpool ilimtumia. Katika ligi ya Italia, ambako mabeki hukaa nyuma na kupanga safu zao kwa subira, haipatikani kwa wingi.

Mfano wa kulinganisha tunao nyumbani. Michael Olunga hakupewa sifa za mapema. Alipitia Tusker, Thika United na Gor Mahia, akaenda Djurgarden ya Uswidi mwaka wa 2016, kisha China, kisha Girona ya Uhispania ambako alifunga mabao matatu katika mechi moja lakini hakudumu. Wengi walidhani hapo ndipo mwisho wake. Alipotua Kashiwa Reysol ya Japani alipata timu iliyojengwa kwa ajili ya miguu yake. Novemba 2019 alifunga mabao manane katika mechi moja dhidi ya Kyoto Sanga, na mwaka wa 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28 pamoja na kutawazwa mchezaji bora. Olunga hakubadilika sana kati ya Girona na Kashiwa. Kilichobadilika ni dakika alizopewa na namna mipira ilivyomfikia.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia pekee iliyosalia kwa wuod Okoth. Ahadi ya 2014, ya kuwa mshambuliaji wa kwanza katika klabu kubwa ya Ulaya, haitatimia tena. Ni heri lisemwe waziwazi. Lakini misimu miwili au mitatu ya kazi ya heshima, katika ligi isiyo na kelele nyingi, Ubelgiji alikozaliwa au kwingineko, bado inawezekana iwapo atakubali kushuka daraja na mshahara.

Lipo jambo jingine katika kisa hiki ambalo linanisumbua zaidi ya hatima ya Origi mwenyewe. Huyu ni mtu aliyelelewa na chuo cha soka tangu akiwa na miaka sita, akiwa na makocha, madaktari na baba aliyeijua kazi hiyo, na bado tunasema hakufikia kilele chake. Itakuwaje kwa kijana wa Ndhiwa, Mbita au Uriri mwenye miguu kama yake? Huyo hung'aa katika michezo ya shule za sekondari, hushangiliwa kuanzia ngazi ya kaunti ndogo, kisha akimaliza kidato cha nne hutafuta bodaboda.

Palikuwa na mahali pa kumpokea. Sony Sugar ya Awendo, iliyodhaminiwa na kiwanda cha sukari cha Nyanza Kusini, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka wa 2006 ikiwa mbali na Nairobi, mbali na wadhamini wakubwa na mbali na kamera. Kwa vijana wa Migori na Homa Bay, klabu hiyo ilikuwa ngazi: unaonekana Awendo, unapata posho, halafu Gor Mahia au Tusker inakuja kukutazama. Kiwanda kilipozama katika madeni na kuchelewesha malipo ya wakulima na wafanyakazi, klabu nayo ilizama. Mwaka wa 2019 Sony ilitimuliwa ligini baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Mabingwa wa zamani waliondolewa kwa kukosa fedha za kusafiri na kucheza, si kwa kufungwa.

Mwaka wa 2025 serikali ilikodisha kiwanda hicho kwa mwekezaji wa kibinafsi kwa miaka 30, pamoja na viwanda vingine vitatu vya umma. Mjadala wa wakati huo ulikuwa juu ya malipo ya wakulima na mishahara ya wafanyakazi, na ilikuwa haki iwe hivyo. Lakini sikusikia kiongozi yeyote wa eneo hilo akisimama kuuliza iwapo timu ingerudi. Viongozi hao hao huwa wepesi wa kumpongeza Origi mitandaoni anapofunga.

Wanaota pia wale wanaodhani kwamba kipaji hicho kingeweza kuazimwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya inaandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Kanuni za FIFA zilizolegezwa mwaka wa 2020 humruhusu mchezaji kubadilisha taifa iwapo hakucheza zaidi ya mechi tatu za ushindani za timu ya wakubwa, zote kabla ya kufikisha miaka 21, na iwapo hakushiriki fainali za Kombe la Dunia au za bara. Origi ameichezea Ubelgiji mechi 32 na alikuwa Brazil mwaka wa 2014. Hata akifunga mabao 20 msimu ujao, Harambee Stars haiwezi kumwita.

Anayetaka kujua kama kweli Origi anafufuka, basi, asianze na orodha ya wafungaji. Ahesabu kwanza ni mara ngapi jina lake limo katika wachezaji 11 wa mwanzo. Tangu wiki zile mbili za Aprili 2016, hilo ndilo lililomponyoka, na hakuna klabu iliyompa tena kwa msimu mzima mfululizo tangu alipoondoka Wolfsburg mwaka wa 2018.