KIFAFA SI AIBU, NA POVU HALIAMBUKIZI



Ndugu zangu katika imani, hapa Mpanda nimewahi kusomesha madrasa mtoto mwenye kovu la moto kutoka begani hadi kiwikoni. Alianguka kifafa jikoni, mkono ukaingia kwenye mafiga. Watu wazima walikuwepo, wakarudi nyuma wakiogopa povu. Wallahi, mkono ule haukuunguzwa na kifafa. Uliunguzwa na ujinga wetu.

Mwenyezi Mungu ameumba ubongo wenye mabilioni ya chembe hai, zinazopeana habari kwa umeme mdogo sana. Habari hizo hupita kwenye uti wa mgongo na mishipa ya fahamu hadi kidoleni. Umeme ukivurugika ghafla, mtu huanguka, hukakamaa na kutikisika. Povu ni mate tu.

Chanzo chaweza kuwa mtoto kukosa hewa akizaliwa, malaria iliyopanda kichwani, au ajali ya kichwa. Hata mayai ya tegu wa nguruwe. Usiseme "mimi sili nguruwe": mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakakufikia kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa.

Mtaniuliza, "Sheikh, na majini je?" Siyakanushi. Lakini Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad alikwishaeleza kwamba kifafa ni cha aina mbili, na kimojawapo ni cha mwilini, kazi ya matabibu. Basi anayemwambia mgonjwa atupe vidonge abaki na kisomo peke yake, amebeba dhima nzito. Soma ruqya, na dawa ameze. Kule Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu wagonjwa kwa vidonge tangu miaka ya 1960, wengi wakapata nafuu.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mwanamke aliyemlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa huanguka. Alipewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba asifunuke aangukapo, naye akaombewa. Hakufukuzwa. Hakuitwa mchawi.

Basi mwenzako akianguka, msitiri. Ondoa moto na vitu vyenye ncha, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5 hajatulia, mkimbize hospitali. Asiache dawa bila daktari, na Ramadhani amuulize kabla ya kufunga; mgonjwa ana ruhusa.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na atuponye sisi na woga. Aamin.