Samaki na Mstari Uliopinda

Sangara ununuaye sokoni Buswelu hana cheti usoni. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Waliogandishwa wakatakiwa kupimwa kwanza. Riziki ya wafanyakazi wa viwanda vya minofu ikategemea neno la maabara.

Neno hilo hupatikanaje? Njia mojawapo ni kipimo cha kingamwili: kingamwili hunasa bakteria, kisha rangi hutokea. Bakteria wakizidi, rangi hukolea, lakini si kwa mstari ulionyooka. Mchoro wake hufanana na herufi S: chini umelala, katikati unapanda, juu unalala tena. Aulazimishaye kunyooka hukosea hesabu, hasa katika ncha zake. Hapo chini, bakteria wachache hawabadili rangi kwa kiasi cha kutambulika. Ndiyo maana wataalamu huilaza kwanza sampuli katika lishe yenye joto, ili kama wamo waongezeke.

Basi, "hawakuonekana" si sawa na "hawamo". Maabara ilinde soko, nawe ulinde chungu chako: samaki aive mpaka ndani, na kisu kilichompasua kisiguse kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni.